Keekee ya Watu Wawili

Jina lake silitaji. Kwetu, upande wa Mara, mke hatamki jina la baba wa mumewe, akiwa hai wala akiwa kaburini, na mimi sitaanza uzeeni. Stockholm walinitia mtihani, maana jina lilelile la mume wangu, ambalo ndilo la babake, walinibandika mimi. Nikipiga simu kazini kusema naumwa, naulizwa jina la ukoo, nami nalitaja herufi moja moja mpaka linakwisha. Walidhani nawasaidia kuandika. Kumbe namwonea haya mkwe wangu kwenye simu.

Ukwe wetu umejengwa kwa haya. Mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni, hampi mkono, haketi kwenye kiti chake, hali naye meza moja, na wakikutana njiani mmoja humpisha mwenziwe. Si chuki. Ni heshima, na kijijini haikuwa kazi, kwa sababu kulikuwa na nyumba yake, nyumba yetu, na ua katikati. Fisksätra, nje kidogo ya Stockholm, tulikuwa na vyumba vitatu, ujia mmoja mwembamba na choo kimoja.

Alikuja baada ya mama mkwe kufariki, katikati ya miaka ya sabini, majengo yetu yakiwa bado yananuka rangi. Mimi nilikuwa nimetangulia, mwishoni mwa miaka ya sitini, kusomea uuguzi, nikaishia kwenye nyumba ya wazee huko Nacka. Mume wangu aliendesha basi. Alikuwa mwana wa pekee, na mwana wa pekee hamwachi babake alale peke yake na mbuzi. Hilo alilisema yeye mwenyewe, kwa sauti kubwa, mbele za watu, na watu wakampigia makofi.

Basi mzee akakohoa. Ndivyo alivyoishi nasi, kwa kukohoa. Akitoka chumbani anakohoa, nami naingia jikoni. Akienda chooni anakohoa, nami nageukia dirisha. Kikohozi cha asubuhi kilikuwa kifupi, cha jioni kina mkia. Binti yetu Bahati, aliyekuwa akijifunza kusema, alifikiri hiyo ndiyo lugha ya babu. Akiulizwa babu yuko wapi, anajibu kwa Kiswidi kwamba farfar anakohoa, yaani babu anakuja.

Tulipokuwa hatuna budi kusemezana, tulipitia kwenye vyombo. "Birika," atasema akiwa ujiani, uso ameuelekeza ukutani, "mwambie mama Bahati chai ya leo ilikuwa nzuri." Nami nitaliambia jiko, "Jiko, mwambie Baba, sukari imebaki kidogo." Jirani yetu Mganda, mkimbizi aliyekaa ghorofa ya chini na kufanya usafi wa mabehewa ya treni, alitukuta siku moja katika mazungumzo hayo akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mama Bahati, hii birika yenu ikipata kazi ya ukalimani, itatajirika."

"Na wewe ukipata kazi ya kunyamaza, utakufa njaa," mzee alimjibu kutoka ujiani. Mganda huyo alimpenda sana kwa ajili ya majibu kama hayo.

Alikuwa seremala. Viti vya kanisa la kwao alivitengeneza yeye, na alikuwa haamini kitu mpaka amekigusa. Akiingia chumba chochote, kwanza anapitisha mkono kwenye fremu ya mlango, kisha ukutani, kisha kwenye ukingo wa meza, taratibu, ndipo anakaa. Niliona ni useremala. Lifti hakuipanda pamoja nami kamwe. Nikiwa nimesimama pale chini na mifuko yangu, yeye hukohoa, akazishika ngazi, mkono kwenye reli mpaka ghorofa ya tano. Hilo nililiona ni heshima, nikashukuru. Mwanamke wa kwetu akipewa heshima haiulizi maswali.

Kazini kwangu mambo yalikuwa mengine kabisa, na hapa ndipo haya zangu zinapoanza kuniwasha. Kila siku niliwavua nguo wazee wa Kiswidi wenye umri wake. Nilisugua migongo yao, nikawakata kucha za miguu, nikawainua videvu nikawatazama macho, masikio na ulimi, kisha nikamweleza muuguzi mkuu nilichokiona. Walinisifu kwa kuwa na jicho kali. Halafu napanda treni ya Saltsjöbanan, nashuka Fisksätra, nafungua mlango, na mzee wangu mwenyewe namjua kwa soksi zake tu.

Majira ya baridi ya kwanza alipoona watu wamekaa juu ya maji, alimwita mwanawe kwenye roshani. Ghuba iliyo chini ya majengo yetu ilikuwa imeganda, na Waswidi walikuwa wameketi juu yake kwenye vigoda, kila mtu na tundu lake, ameinamia kijiti chenye mshipi.

"Wanafanya nini?"

"Wanavua, Baba."

"Lile tundu wamelitoboa na nini?"

Hakuuliza samaki gani, wala barafu ina unene gani. Aliuliza tundu limetobolewa na nini. Na mume wangu alipomweleza kwamba kuna chombo kama keekee ya seremala, ila kikubwa, cha kuzungusha kwa mkono, mzee aliingia chumbani, halafu tukamsikia anacheka peke yake humo. Katika maisha yake alikuwa ametoboa mninga, mvule na mkangazi. Maji alikuwa hajayatoboa.

Keekee ya kwanza aliiokota kwenye chumba cha taka kubwa, kule chini ambako wapangaji hutupa vitanda na mazulia. Ilikuwa na kutu na mpini umevunjika. Akauchonga mpini mwingine kwa mguu wa kiti, akanoa visu vyake kwenye kijiwe alichokuja nacho kutoka nyumbani, na Jumamosi iliyofuata akashuka na ndoo ya plastiki, kofia ya manyoya ya mwanawe na koti langu la zamani la mvua ambalo hakujua ni langu. Tulimtazama kutoka juu. Alitoboa tundu, akalitazama, akasogea, akatoboa jingine. Mshipi aliutumbukiza baadaye, kwa kuwaridhisha wenzake tu.

"Mimi si mvuvi," alimwambia Mganda. "Mimi ni mtoboaji." Samaki wa kule hakuwapenda hata kidogo. Alisema hawana chumvi wala hasira. Wale wadogo wenye mistari aliokuwa akiwapata aliwagawa, na Mganda ndiye aliyewala kwa niaba ya jengo zima.

Alikuwa na misemo yake, mingine ya watu wote, mingine ya karakana. "Tundu halirudishwi" ndio alioupenda zaidi, na aliutumia kwa ndoa, kwa safari, hata kwa Bahati alipojikata nywele. Mganda alipokaa na jino bovu muda mrefu bila kwenda kwa daktari, mzee alimkemea kila Jumapili, "Mficha maradhi kifo humuumbua," mpaka yule bwana akang'oa jino kwa kuchoka na methali. Nami jikoni nilikuwa nikiitikia kwa kichwa. Niliona tumepata mzee mwenye busara, asiyeficha kitu.

Hakuwa mpole kwa kila jambo. Redio ya Kiswidi aliitukana kama mtu. Alikuwa mchoyo wa misumari. Ukihitaji msumari mmoja unaulizwa wa nini, wa wapi, na mwingine uliopewa umeenda wapi. Na kwa mwanawe alikuwa dhaifu kupita kiasi. Mume wangu akisema kesho, mzee anaamini kesho. Akisema wiki ijayo, mzee anaiandaa hiyo wiki. Sikuwahi kumsikia akimlaumu. Kuna nyakati nilitamani amfokee hata mara moja, kwa kuwa mimi sikuweza kumfokea mbele ya babake.

Majira ya baridi ya tatu alianza kulalamikia bega. Keekee ya mkono imemshinda, alisema, sasa anataka ya mota. Mume wangu akakubali haraka, kama alivyokubali mambo yote ambayo hayakuwa ya siku hiyo. Wangekwenda dukani Jumamosi, watu wawili, baba na mwana. Ijumaa jioni mume wangu akanivuta chumbani.

"Nimechukua zamu kesho. Nenda naye wewe, Kiswidi unakijua."

"Mimi? Na mkwe? Dukani?"

"Kasimame mbali. Na akitaka niwe nakwenda naye kule kwenye barafu, usibishane naye. Atasahau."

"Kwani hutakwenda?"

"Mama Bahati, nusu ya abiria wangu wanakaa kwenye madirisha haya. Nikakae juu ya maji na ndoo, wanaonyeshana, yule pale dereva wetu na babake?" Akavua saa, akaiweka mezani. "Naona aibu," akasema, na kwa kweli alikuwa anaiona.

Kesho yake mimi na mzee tukapanda treni hadi Slussen, mjini, yeye kiti cha mbele cha behewa, mimi cha mwisho. Duka lilikuwa la zana za uvuvi na uwindaji. Nilijificha nyuma ya rafu ya viatu vya manyoya, mgongo nimewapa, na kutoka huko nikatafsiri. Muuzaji alikuwa kijana mwenye adabu. Nadhani aliamini kwamba sisi ni mke na mume tuliogombana.

Mzee alichagua kwa vidole. Alikuwa hatazami hata mashine. Kichwa amekiinua, mikono inatembea. Alipitisha kidole gumba kwenye visu, akafuata msokoto wa chuma kutoka chini hadi juu, akagonga tangi la petroli kwa ukucha, akanusa kifuniko. Alivuta kamba ya kuwashia bila kuiwasha, kusikia uzito wake. Kulikuwa na mbili zilizomvutia, ndogo na kubwa.

"Hii ndogo inamtosha mtu mmoja," muuzaji alisema.

"Viatu," nikasema kwa rafu yangu, "mwambieni Baba, ndogo inamtosha mtu mmoja, tena ni nyepesi kwa mwenye bega bovu."

"Viatu, muulizeni huyo bwana, na kubwa?"

Muuzaji akaeleza kwa furaha. Kubwa ina mipini miwili, kulia na kushoto, na mota katikati. Ni ya watu wawili. Haimsamehe mtu mmoja. Ikikwama kwenye barafu itamzungusha yeye. Kwa hiyo wanaoishika lazima wasimame wakikabiliana, na watazamane usoni kazi yote, ili mmoja akiona mwenziwe anateleza azime mota. Nilitafsiri hayo masikio yakiniwaka moto. Watazamane usoni. Maneno hayo nilikuwa sijawahi kuyasema mbele ya mkwe.

"Nani atashika upande wa pili?" muuzaji akauliza, akachungulia nyuma ya rafu. "Ni wewe?"

Hilo la mwisho sikulitafsiri.

"Amesema nini?" mzee akaviuliza viatu.

"Anauliza nani atashika upande wa pili."

Mzee hakufikiri. "Mwanangu yupo," akasema. "Kubwa."

Mke wa mwana hamwambii baba mkwe kwamba mwanawe anadanganya. Hayo ni makosa makubwa kuliko kumtazama. Nikasimama pale na viatu vya manyoya, najua ninachokijua. Halafu nikasema kwa Kiswidi, "Anataka kubwa." Mzee akainyanyua ile mashine, akaitupia begani, akatoka nayo mlangoni kwa kupapasa fremu. Lilikuwa bega lilelile bovu. Niliona ajabu kidogo, nikayaacha.

Mashine ilikaa kwenye roshani chini ya blanketi. Ghuba ikaganda vizuri mwaka ule, watoto wa shule wakateleza juu yake, na mtu mmoja alipita na farasi. Kila Jumapili mume wangu alisema wiki ijayo, Baba. Kila Jumapili mzee alikwenda roshani, akaifunua, akaipaka grisi, akaifunika. Wageni wakija kula pilau, Wakenya, Watanzania wenzetu, Mkongo mmoja aliyechanganya Kifaransa, walitaka kuiona, na wakishaiona wanauliza imetoboa matundu mangapi.

"Barafu haijakomaa," mzee aliwajibu, na nje farasi anapita.

Mganda alijitolea wazi. "Mzee, mimi Jumamosi sina kazi. Huo mpini mwingine nipe mimi."

"Ahsante, bwana. Mwanangu yupo."

Watu wakatazama sahani zao. Mume wangu alikwenda kutafuta chumvi, na chumvi ilikuwa mezani. Ndivyo tulivyoishi miezi ile: mzee anaona aibu kwa ajili ya mwanawe, mwana anaona aibu kwa ajili ya babake, nami naona aibu kwa ajili yao wote wawili, na chakula kinaliwa. Nilipokuwa peke yangu nikifagia roshani, nilikuwa naipita ile mashine upandeupande, kama vile nayo ni mkwe.

Nataka niseme siku niliyomwona. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tatu, jua limeanza kurudi, maji yanadondoka kwenye paa. Mume wangu alikuwa kwenye zamu. Bahati alikuwa chini kwa mke wa Mganda. Nikasikia kikohozi mlangoni mwa jikoni, nacho hakikuwa cha asubuhi wala cha jioni.

"Koti," mzee aliliambia koti langu lililoning'inia, "mwambie mama Bahati barafu inaanza kuoza. Mwakani sijui kama nitakuwepo. Na mashine ina mipini miwili."

Nilisimama na kitambaa cha vyombo mkononi. Nilifikiria mama yangu angesema nini. Nilifikiria madirisha yote yale. Nilimfikiria mwenye mpini wake, yuko Orminge au wapi, anafunga milango ya basi.

"Birika," nikasema, "mwambie Baba anisubiri nivae viatu."

Tulishuka, yeye kwa ngazi na mashine yake, mimi kwa lifti. Kwenye barafu alitembea kwa kuburuta nyayo, akigonga mbele kwa fimbo, na Waswidi wawili watatu waliokuwepo walimpungia mkono, naye hakujibu. Alichagua mahali, sijui kwa kigezo gani. Tukaisimamisha. Yeye akashika mpini wake, mimi wangu, nikageuza uso kuelekea reli. Akavuta kamba, mota ikalia, ghuba nzima ikajaa moshi na kelele. Msokoto ukauma barafu, mashine ikaanza kutembea kando, na mimi, kwa kuwa natazama treni, sikujua niivute wapi.

"Nitazame," akasema.

Hakuliambia koti wala ndoo. Aliniambia mimi.

Nikamtazama. Jicho la kulia lilikuwa jeupe lote, mtoto wa jicho amelifunika mpaka pembeni. La kushoto alikuwa ameshaanza, ukungu umefika katikati. Kazini ningeliona siku ya kwanza, kabla hajavua kofia. Ningemwita muuguzi mkuu, na jioni ningesifiwa kwa jicho langu kali. Mikono yangu ikalegea.

"Shika!"

Nikashika. Tukazama nayo mashine ile taratibu, uso kwa uso, mimi ninamwona na yeye ananitafuta, mpaka chuma kikapenya na maji meusi yakapanda kwenye theluji na kulowesha viatu vyetu. Akazima. Masikio yalichukua muda kurudi.

"Tangu lini, Baba?"

"Tangu kabla ya mashine."

"Na bega?"

"Bega halina kitu."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Mwanangu hakai. Wewe hunitazami." Alisema bila lawama, kama mtu anayesoma vipimo vya ubao. Kisha akainamisha kichwa, akawa anafuta theluji kwenye mpini kwa kidole. "Nilinunua kubwa ili asiwe na budi kuja. Nilisema, akishika upande ule lazima anitazame. Akinitazama ataona mwenyewe. Mimi sitalazimika kusema."

Nikalia palepale, na sikugeuka. Nilikuwa nimepita mbele ya mtu yule asubuhi na jioni kwa miaka, na adabu zangu zote, na sikumwona. Nilikuwa nimevitafsiria vile viatu vizuri kabisa. Nikamwambia mtoto wa jicho hutolewa, kwamba hata Waswidi wangu wenye miaka tisini wanatolewa na kurudi wakisoma magazeti. Nikamwambia Jumatatu nampeleka mwenyewe.

"Jumatatu," akakubali. "Tumbukiza mshipi kwanza. Tundu halirudishwi."

Nikautumbukiza mimi, maana yeye alilikosa tundu mara ya kwanza. Hatukupata kitu. Jua liliposogea, akauliza kama watu bado wako madirishani, nikasema wako. Nikaokota mpini wangu, yeye akashika wake, na mashine ikiwa katikati yetu nikatangulia mbele, jambo ambalo mke wa mwana halifanyi. Hatukugusana. Nikikunja, chuma kinakunja, naye anafuata. Palipokuwa na utelezi nilisema utelezi. Tulipita chini ya majengo yote hivyohivyo, na mimi sikuinua macho kutazama ni nani anatuona.

Chini ya lifti akaachia mpini, akakohoa, akanyoosha mkono kutafuta reli ya ngazi. Nikauzuia mlango wa lifti kwa mguu. Nilitaka kumwita, ulimi ukakataa. Haya za miaka hazifi kwa siku moja.

"Mashine," nikasema, "mwambie Baba ngazi ni nyingi."

Alisimama kidogo. Kisha akapapasa fremu ya mlango, juu, pembeni, kama alivyopapasa milango yote tangu aje, akaingia. Tukapanda pamoja hadi ghorofa ya tano, kila mtu akitazama ukuta wake.